Shilingi Mbovu Inapotoa Haki

Mwaka 1968 mjini Naples, Italia na Muungano wa Kisovieti zilitoka sare bila bao katika nusu fainali ya Mataifa ya Ulaya, hata baada ya dakika za nyongeza. Wakati ule mshindi hakuamuliwa kwa penalti. Ikarushwa sarafu, Italia ikaingia fainali na mwishowe ikatwaa kombe.

Sasa tuseme mwamuzi ana shilingi iliyopinda, ambayo huangukia kichwa mara 70 katika 100, na mwenge mara 30. (Sisemi ya Naples ilikuwa hivyo!) Je, anaweza kutenda haki kwa shilingi hiyo hiyo? Anaweza. Ujanja wake ulielezwa mwaka 1951 na mwanahisabati John von Neumann, na kompyuta inaweza kuufuata vilevile.

Rusha mara mbili. Kikitangulia kichwa ukafuata mwenge, timu ya kwanza imeshinda. Ukitangulia mwenge kikafuata kichwa, imeshinda ya pili. Zikifanana, futa yote uanze upya.

Hebu tupige hesabu. Kichwa kisha mwenge ni 70 kwa 30, yaani mara 21 katika 100. Mwenge kisha kichwa ni 30 kwa 70, nayo ni 21. Sawa kwa sawa! Wala hatukuhitaji kujua shilingi imepinda kiasi gani. Hata ingekuwa 90 kwa 10, pande mbili zingelingana.

Lakini msomaji makini atauliza: je, zikifanana milele? Swali hili ndilo linalowasumbua wataalamu wa programu zinazobahatisha. Programu ya kawaida ukiipa kazi ileile hutoa jibu lilelile. Hii hubadilika kila mara, kwa hiyo kuijaribu mara elfu hakutoshi kuthibitisha kitu. Mwaka 1981 Dexter Kozen, Mmarekani, alionyesha jinsi ya kuzipa programu za aina hii maana kamili ya kihisabati, ili mtu athibitishe kwa kalamu na karatasi.

Kwa shilingi yetu, kila raundi ina nafasi 58 katika 100 ya kurudiwa. Kurudia raundi 10 mfululizo hutokea kama mara 4 tu katika 1,000, na kadiri unavyoendelea nafasi hiyo inasinyaa kuelekea sifuri. Kwa wastani, mwamuzi atarusha kama mara 5 tu. Mimi naona hesabu hiyo inaridhisha kuliko kiapo cha mwamuzi.

Uthibitisho huu, hata hivyo, una sharti: mrusho mmoja usiathiri mwingine, na kasoro ya shilingi isibadilike njiani. Sharti likivunjwa, hesabu haina kosa lakini haikulindi tena. Mwaka 2006, katika mfumo wa kompyuta uitwao Debian, mistari michache ya programu ya kutengeneza funguo za siri iliondolewa. Kumbe mistari hiyo ndiyo iliyoleta bahati nasibu yenyewe. Funguo ambazo zilipaswa kuwa nyingi zisizohesabika zikabaki 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa, idadi ambayo mwizi mwenye kompyuta anaweza kuijaribu yote. Kasoro ilitangazwa Mei 2008. Wasimamizi wa mitambo ikawabidi kuzitupa funguo hizo na kutengeneza nyingine, hata kwenye mashine zisizotumia Debian lakini zilizokuwa zimezipokea.