Tabora Boys: Shule ya Watoto wa Machifu Iliyozaa Serikali Isiyo na Machifu

Maadili ya shule hayajulikani kwa kusoma maandishi ya ukutani. Nidhamu, bidii na uzalendo vimeandikwa kwenye mageti ya shule nyingi, na mgeni akipita kumi kati ya hizo hatajua ipi ni ipi. Anayetaka kujua shule inathamini nini na aangalie mambo matatu: inampokea nani, inampa nani madaraka, na inamtarajia mhitimu akawe nani. Kwa vipimo hivyo, Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora inafundisha mengi, maana majibu yake yamebadilika zaidi ya mara moja na shule ikabaki palepale.

Serikali ya Waingereza iliianzisha miaka ya 1920. Mji wenyewe ulifaa. Tabora ilikuwa njiapanda ya misafara tangu karne ya 19, Reli ya Kati ikaifikia mwaka 1912, na mwaka 1928 ikaunganishwa kwa reli na Mwanza. Kijana wa Kigoma, wa Kanda ya Ziwa na wa Pwani wote waliweza kushukia stesheni moja. Lakini sababu kubwa ilikuwa ya kiutawala. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alitaka nchi itawaliwe kupitia machifu, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya mamlaka za wenyeji. Utawala wa namna hiyo ulihitaji chifu anayejua kusoma, kuandika na kutunza hesabu za kodi. Ndiyo maana waliolengwa mwanzoni walikuwa watoto wa machifu: mtoto alipokewa kwa ukoo wake, akatarajiwa kurudi kwao akatawale.

Ndani ya shule utaratibu ulifuata shule za bweni za Uingereza. Kulikuwa na mabweni, viranja na kaka mkuu, na Kiingereza kilitiliwa mkazo. Wapo walioiita Eton ya Tanganyika. Viranja hawakuwekwa kwa ajili ya kusimamia usafi na mistari tu. Hayo yalikuwa mafunzo ya utawala: kijana ajizoeze kuwaamuru wenzake angali mdogo, ili akirudi kwao asibabaike.

Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937 akitokea Shule ya Mwisenge, Musoma. Ni kweli baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Hata hivyo, kilichomfikisha Tabora ni kufaulu kwake darasani, kwa sababu wakati huo mlango ulikwisha kupanuliwa kwa vijana wenye uwezo. Akawa mtu wa maktaba na wa midahalo. Walimu walipompendekeza awe kaka mkuu, mkuu wa shule alikataa, akasema kijana huyo ana huruma mno kwa kazi hiyo. Jibu hilo linaonyesha maadili ya shule kuliko kaulimbiu yoyote. Kiongozi aliyetakiwa ni yule anayeweza kuwabana wenzake, na huruma ikahesabiwa kuwa kasoro.

Waliopita Tabora wakaja kuongoza nchi. Mbali na Nyerere, walisoma hapo Rashidi Kawawa, Oscar Kambona na Abdallah Fundikira, chifu wa Unyanyembe aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru. Mwaka 1963 serikali hiyohiyo ilifuta uchifu kisheria. Shule iliyojengwa ili kuimarisha machifu ikawa imewasomesha walioondoa mamlaka yao.

Wenye shule hawakupanga hivyo, lakini chanzo chake si fumbo. Ukimweka mtoto wa Mzanaki bweni moja na Mnyamwezi na Mmakonde, ukawapa mtihani mmoja na kuwafundisha kujibizana kwa hoja, wataanza kupimana kwa kigezo kisichokuwa ukoo. Wakifika hapo, swali la kwa nini mtu atawale kwa kuzaliwa linakuja lenyewe. Ratiba ya kila siku ilifundisha jambo ambalo hotuba za mkuu wa shule hazikukusudia.

Baadaye walioelimika hivyo waliona hatari nyingine, kwamba msomi angechukua kiti cha chifu. Machi 1967 Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe pia mahali pa uzalishaji na mwanafunzi asijione amepanda juu ya mkulima aliyemlipia. Mabaki ya fikra hiyo yamo hadi leo katika maelekezo ya kujiunga ambayo mzazi wa mtoto anayekwenda bweni hupewa. Pamoja na sare, godoro na madaftari, humo mara nyingi utakuta jembe au kwanja, fagio na ndoo. Karatasi hiyo inamwambia mtoto, hata kama ameongoza mkoa mzima, kwamba majani ya shule atayafyeka yeye.

Leo Tabora Boys ni miongoni mwa shule za vipaji maalumu, pamoja na Ilboru, Mzumbe, Kibaha na nyinginezo. Anayechaguliwa ni mwenye alama za juu. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kwa hiyo mlangoni hapaulizwi ukoo wala ada. Lakini alama nazo zina nyumba zinakotoka. Mtoto aliyesoma darasa lenye walimu wa kutosha, vitabu na masomo ya ziada hakai kwenye mtihani sawa na yule aliyesoma akiwa na wenzake mia chini ya mwalimu mmoja, hata kama karatasi ya maswali ni ileile.

Hapo ndipo shule hii inapodaiwa jibu jipya. Mwaka 1926 kigezo cha ukoo kilionekana cha kawaida kabisa, na waliokitetea hawakujiona wadhalimu. Kigezo cha alama ni bora zaidi, ila nacho hakistahili kuachwa bila kuhojiwa. Bodi, walimu na wazazi wa shule yoyote ya serikali wanaokaa kuandika dira mpya wangeanza na orodha ya waliopokewa mwaka huu, waangalie wametoka shule zipi na vijiji vipi, ndipo waende kwenye maneno ya kuandika getini.