Kipimo cha Kamera Kilikosewa, na Filamu Bado Haijasafishwa

Kosa hili halina kelele. Mpiga picha wa Manibe, kwenye viunga vya Jiji la Arua, ametia kamerani filamu ya ASA 400, akapiga mazishi ya mzee wa ukoo tangu asubuhi. Jioni, anapoizungusha filamu irudi katika kasha lake, ndipo anapoona kipimo cha kamera kilisimama kwenye 1600. Kila picha imepata robo tu ya mwanga iliostahili, na waombolezaji wamekwisha kutawanyika.

Ndugu msomaji, likikufika hilo usiharakishe kufungua dawa. Filamu husafishwa mara moja tu. Kwanza tazama kosa lilielekea wapi. Kama kipimo kilikuwa 100 badala ya 400, mwanga umezidi mara nne, nalo si jambo la kutisha, kwani filamu ya nyeusi na nyeupe huvumilia sana mwanga uliozidi. Punguza muda wa dawa kwa kiasi cha robo, basi.

Upungufu ndio adui. Filamu ya HP5 Plus katika dawa ya ID-11 isiyozimuliwa hukaa dakika 7 na nusu kwa joto la digrii 20; ikiwa imepigwa kwa 1600, hukaa dakika 14. Lakini dakika hizo za ziada hukoleza tu pale ambapo mwanga ulikwisha kufika. Kanzu nyeupe na paji la uso lililopigwa na jua vitatokea vizuri. Penye kivuli kizito, ambapo mwanga haukuigusa filamu, hakuna dawa itakayoumba kitu, na anayekuahidi vingine anakudanganya. Kwetu sisi jambo hili ni zito, maana nyuso nyeusi zilizoketi chini ya mwembe hutangulia kupotea, nazo ndizo familia inazozitaka.

Kwa hiyo nunua filamu nyingine ya aina ileile, rudia kosa lilelile kwa makusudi, ukimpiga mtu kivulini na mwingine juani, kisha isafishe hiyo kwanza. Gharama yake ni ndogo kuliko majuto.

Joto nalo lahitaji uangalifu. Maji ya mchana mara nyingi hupita digrii 20, na dawa yenye joto hufanya kazi upesi: kwa digrii 24, zile dakika 14 huwa kama 10. Chupa ya dawa isimamishe katika beseni la maji ya mtungi, ukipima mara kwa mara. Maji ya kuoshea mwishoni yasipishane mno na dawa kwa joto.

Negativu ikitoka nyembamba, usiitupe. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda mjini Kampala, zilipatikana negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa hazijapata kuchapishwa. Baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019. Siku hizi skana yaweza kutoa katika negativu hafifu sura ambayo karatasi iliishindwa. Itie katika bahasha kavu, uandike tarehe, mahali, na majina ya waliomo, wangali wako watu wanaowafahamu.