Kinga Itamlisha Mtoto Wetu? Neno kwa Vijana na Wazazi juu ya Ekipe za Ulaya



Simama asubuhi mapema pembeni ya barabara inayoingia Butembo, utawaona. Kijana mmoja amefunga magunia ya makala nyuma ya kinga yake. Mwingine amebeba mikungu ya ndizi mpaka huoni kichwa chake. Kwenye mlima wanashuka na kusukuma, jasho linatiririka. Kwenye mteremko wanapanda juu na kupita kama upepo. Butembo iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Watoto wetu wamezaliwa kwenye milima, na miguu yao imezoea mzigo.

Basi, mwezi wa tisa mwaka 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Vijana wa kwetu waliyafuata kwenye simu na kwenye televisheni za jirani. Wakaanza kuulizana: "Kama Kigali ni karibu hivi, na sisi je?"

Swali hilo ni zuri. Lakini nyuma ya swali zuri mara nyingi anakuja mtu mwenye mfuko wazi.

Baba na mama wa kijana mmoja walifika kwangu jioni, wakiwa na simu mkononi.

"Pasta," baba akasema, "kuna mtu ameandika. Anasema mtoto wetu atapata kontra katika ekipe ya Ulaya. Anaomba dolari elfu mbili juu ya karatasi na visa. Sisi tuna parseli moja tu. Tuuze ao tuache?"

Mama hakusema kitu. Alikuwa anaangalia chini. Parseli ile ilinunuliwa kwa miaka yake mingi ya kuuza unga sokoni.

Nikawaambia: "Baba, Mama, msiuze kitu juma hili. Kwanza tuelewe kazi hii inakwenda namna gani." Yale niliyowaeleza, ninakuandikia na wewe.

Ekipe inaishi kwa feza ya nani?

Katika mpira kuna uwanja, kuna mlango, kuna tiketi. Mbio za kinga zinapita barabarani, na mtu anatazama bure. Kwa hiyo karibu feza yote ya ekipe inatoka kwa makampuni yanayoandika majina yao kwenye jezi. Kampuni ikichoka, ekipe inabadili jina ao inakufa.

Angalia ekipe ya Afrika ya Kusini ambayo wengi waliipenda. Ilikuwa na jina la MTN, kampuni ya simu. Mwaka 2015, ikiitwa MTN-Qhubeka, ikawa ekipe ya kwanza iliyoandikishwa Afrika kukimbia Tour de France, na Daniel Teklehaimanot wa Eritrea akavaa jezi ya mfalme wa milima kwa siku kadhaa. Mwaka 2016 ikaitwa Dimension Data. Mwaka 2020 ikaitwa NTT. Mwaka 2021 ikarudia jina la Qhubeka, lakini wafadhili hawakutosha, na mwisho wa mwaka ule ikafunga milango. Vijana wazuri wakabaki wakitafuta kazi.

Wewe unayekaa karibu na machimbo unajua jambo hili. Shimo linaweza kutoa leo na kukauka kesho. Mchimbaji hodari hakosi nguvu siku ile, anakosa shimo.

Kuhama ekipe ni kitu gani?

Vijana wengi wanafikiri ni kama mpira, ekipe moja inamnunua mchezaji kwa mamilioni. Katika kinga, kwa kawaida, mtu anahama wakati kontra yake imekwisha, na ekipe ya zamani haipati bei. Kwa miaka mingi tarehe 1 mwezi wa nane ndiyo siku ambayo ekipe zinaruhusiwa kutangaza watu wapya wa mwaka unaokuja. Kijana anayeingia mara ya kwanza katika ekipe kubwa anapaswa kupewa kontra ya miaka miwili, ili asitupwe baada ya miezi michache. Na shirika la dunia la baiskeli, UCI, linadai ekipe kubwa ziweke dhamana kwenye benki, ili wafanyakazi wasipoteze vyote kama ekipe ikianguka.

Lakini sikia hesabu. Ekipe za ngazi ya juu ni kama kumi na nane, kila moja na watu karibu thelathini. Ni nafasi karibu mia tano kwa dunia nzima. Chini yake kuna ngazi ya pili, kisha ya tatu. Katika ngazi ya tatu kuna ekipe ambazo hazimlipi mtu mshahara. Zinampa kinga, jezi, chakula na nafasi ya kukimbia, basi. Na hata juu kabisa, wengi hawaajiriwi ili washinde. Wanaajiriwa wabebe maji, wakate upepo mbele ya mkubwa wao, wamngoje akianguka. Kushinda siku moja ya Tour de France kunaleta euro 11,000, lakini kwa desturi zawadi hiyo inagawanywa kati ya wenzake na wafanyakazi wa ekipe. Mshahara wa kontra ndio unaolisha nyumba.

Mwana wa Asmara

Biniam Girmay alizaliwa mwaka 2000 Asmara, mji wa Eritrea ulio juu zaidi ya mita 2,300. Alianza katika mashindano ya kwao, ambako mbio za kinga ni mchezo wa taifa. Matokeo yake yalimfikisha Aigle, Uswisi, kwenye kituo cha UCI kinachofundisha vijana wa nchi zisizo na ekipe kubwa. Mwaka 2020 akaingia ekipe ya Ufaransa, Delko.

Ekipe ile ikaishiwa feza mwaka 2021. Kijana wa miaka 21, mbali na nyumba, ekipe inavunjika chini yake! Lakini alikuwa na kitu ambacho hakuna mfadhili aliyeweza kukichukua: matokeo yaliyoandikwa. Mwezi wa nane mwaka uleule ekipe ya Ubelgiji, Intermarché-Wanty, ikamchukua.

Mwezi wa tatu mwaka 2022 akashinda Gent-Wevelgem, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda moja ya mbio kubwa za siku moja za kule Ubelgiji. Mwezi wa tano akashinda siku moja ya Giro d'Italia, kisha kizibo cha chupa ya sherehe kikampiga jichoni, akalazimika kuacha mashindano. Mwaka 2024 akashinda siku tatu za Tour de France na kupeleka nyumbani jezi ya kijani. Mwaka 2025 hakushinda hata mara moja. Na mwisho wa mwaka huo ekipe yake ikaunganishwa na Lotto, naye, ingawa kontra yake ilikuwa bado na miaka, akahamia NSN kwa mwaka 2026.

Msomaji, hesabu mwenyewe. Huyu ndiye mkubwa kuliko wote tuliopata katika Afrika nyeusi, na ekipe mbili zimetikisika chini yake. Kama ni hivyo kwake, itakuwa namna gani kwa mtoto ambaye hajakimbia hata shindano moja lenye saa na waamuzi?

Milango ya kweli iko wapi?

Iko, na mingine haiko mbali. Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyepoteza ndugu zake sita katika mauaji ya mwaka 1994, alionekana katika mbio za kwao, mwaka 2009 akaingia ekipe ile ya MTN, na mwaka 2012 akabeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki ya London. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na alijifunza kwa David Kinjah, Mkenya aliyekusanya vijana nyumbani kwake Kikuyu. Natnael Tesfatsion wa Eritrea alishinda Tour du Rwanda mwaka 2020 na 2022. Mwaka 2023 akaingia ekipe kubwa ya Trek. Mabinti pia, msijiweke nyuma: Diane Ingabire wa Rwanda aliingia mwaka 2022 katika ekipe ya vijana ya Canyon-SRAM.

Utaona njia ni moja: chama cha karibu, leseni ya shirikisho la taifa, mashindano yanayoandikwa, kisha mtu anakuona. Hakuna hata mmoja wa hao ambaye mlango wake ulikuwa ujumbe wa simu wa kuomba dolari.

Kwa hiyo, mtu akikuletea ahadi, pima mambo haya:

1. Ekipe ndiyo inamlipa mtu. Yule anayedai umlipe ili akuajiri, anakuuza.
2. UCI inatangaza kila mwaka majina ya ekipe zilizoandikishwa, pamoja na mawakala wenye ruhusa. Mwombe mwalimu ao kijana mwenye intaneti akutafutie. Kama jina halimo, funga simu.
3. Uliza: "Umeona matokeo gani ya mtoto wangu?" Mtu wa kweli anataka siku, mbio, saa na nafasi aliyopata. Mwongo anataka picha na feza.
4. Kontra isiyosomwa isitiwe sahihi. Tafuta mtu wa sheria, ama hata mwalimu wa Kifaransa, asome kila ukurasa.

Na masomo?

Usiache shule juu ya kinga. Kazi hii ni fupi; wengi wanaimaliza mbele ya miaka 36, na mwili unaweza kuvunjika siku moja. Froome aligonga ukuta mwaka 2019 akiwa mazoezini, akavunja paja, kiwiko na mbavu. Alipona, akaendelea kukimbia miaka mingine, lakini hakushinda tena. Yeye alikuwa amekwisha kuweka akiba. Kijana wa ngazi ya tatu ataweka nini?

Tena, kwetu kuna jambo la usalama. Tangu mwaka 2014 watu wengi wameuawa katika eneo la Beni, na barabara kati ya Butembo na Beni, kilomita karibu 54, si mahali pa mazoezi ya mtu peke yake alfajiri. Fanyeni mazoezi kwa kikundi, palipo na watu, na wazazi wajue mko wapi.

Wazazi wale walirudi nyumbani na parseli yao. Baba alimwandikia yule mtu swali la tatu: "Umeona matokeo gani?" Hakujibu tena. Kijana alikasirika siku mbili, hakutaka kula. Siku ya tatu nikamkuta uani akisafisha mnyororo wa kinga.

"Pasta," akaniuliza, "sasa ndoto imekufa?"

"Hapana, mwanangu," nikamjibu. "Bado haijapimwa, basi."

Sasa yuko na wenzake watano. Siku ya posho wanapanda mlima uleule, mmoja anashika saa, na mama yake ndiye anayeandika dakika katika daftari la zamani la hesabu za unga. Juma lililopita alipunguza dakika moja na nusu. Aliniletea daftari nione, na mimi niliona.