Pima kwanza, kisha ongeza

Juma hili ninawaletea habari ya maji yaliyoonekana safi kwa macho, kumbe yalikuwa na njaa ndani.

Mdogo wangu anaishi Brussels, Ubelgiji, pamoja na bwana yake na mtoto wao wa miaka 12. Nyumbani kwao kuna akwariamu ya lita 100: tangi la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wawili wadogo na matumbawe. Sisi wa Bukavu tumezoea Ziwa Kivu, na ziwani mwetu hakuna matumbawe. Ukiyaona katika picha utadhani ni maua au mawe. Lakini tumbawe ni mnyama. Hujijengea mifupa migumu kwa kalsiamu, ile ile inayojenga mifupa na meno ya watoto wetu.

Baharini, kila lita ya maji ina karibu miligramu 410 za kalsiamu, na bahari ni kubwa, haiishiwi. Ndani ya tangi ni kama unga katika gunia: kila siku matumbawe yanachota, na hakuna wa kurudisha isipokuwa mwenye nyumba. Wanaoyafuga hujitahidi kalsiamu ibaki kati ya 400 na 450.

Siku moja mtoto aliona matumbawe yake hayakui tena. Akahuzunika. Mama yake akamwonea huruma, akamimina vijiko vitatu vya unga wa kalsiamu bila kupima. Alikuwa amesikia kwamba maji yanahitaji magadi soda pia, akatia palepale. Maji yakawa meupe kama uji mwepesi. Kalsiamu na magadi vilikutana vikageuka chokaa, ikatua chini ya tangi. Matumbawe mengi yalikufa. Mtoto alikaa siku mbili bila kusema na mama yake.

Mdogo wangu alinipigia simu usiku, akilia. «Dada, nilitaka kumsaidia tu.» Nikamwuliza: «Ulipima?» Akanyamaza.

Sasa wanapima pamoja kila Jumamosi. Mtoto anavuta mililita 5 za maji ya tangi kwa bomba la sindano lisilo na ncha, anazitia katika kichupa. Anaongeza dawa za kwanza, maji yanakuwa ya waridi. Kisha anatia dawa ya mwisho tone kwa tone, akitikisa, mpaka yageuke buluu. Kiasi cha dawa iliyotumika ndicho kinachoonyesha kalsiamu iliyomo. Anaandika tarehe na namba katika daftari.

Tuseme juma lililopita ilikuwa 420, leo ni 400. Imepungua miligramu 20 kwa kila lita. Zidisha kwa lita 100: ni miligramu 2000, yaani gramu 2 tu za kalsiamu. Tazameni jinsi vijiko vitatu vilivyokuwa vingi! Tena hawarudishi yote mara moja, wanagawanya kwa siku kadhaa. Magadi yana kipimo chake, na hutiwa saa nyingine. Namba ikiwashangaza, wanapima mara ya pili kabla ya kutia kitu chochote.

Sisi wamama jambo hili si geni. Maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha hatuyachanganyi kwa kukisia, kwa sababu chumvi ikizidi inamwumiza yule tunayetaka kumponya. Huruma ni nzuri, lakini huruma haina macho. Kipimo ndicho macho yake.

Juma lililopita mdogo wangu alinitumia picha. Tumbawe moja lililobaki limeanza kuwa na ncha nyeupe mpya. Chini yake mtoto aliandika: «Mama mkubwa, ni 420. Mama ndiye aliyesoma, mimi nikahakikisha.»