Kwa Nini Mwezi Huonekana Mkubwa Unapochomoza?

Swali lenyewe lilitufikia kupitia kwa mwalimu wa madrasa, limeandikwa kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ya daftari: mbona mwezi wa kumi na nne ukichomoza huwa mkubwa kama sinia, na wakati wa kulala huwa umeshakuwa mdogo kama kisahani? Sisi wa kamati ya msikiti tumezoea maswali ya aina nyingine: bili ya maji, mikeka, paa linalovuja upande wa akina mama. Hili halikuwa na faili lake. Hata hivyo tuliona si vyema lirudi bila ya jibu, kwanza kwa kuwa ni swali zuri, na pili kwa kuwa ndani yake limo jambo linalowagombanisha watu wazima karibu kila mwaka, kama tutakavyoeleza.

Ukiliuliza swali hili barazani utapewa majibu mawili. Wa kwanza atasema kuwa mwezi ukichomoza huwa karibu nasi, kisha huenda mbali kadiri unavyopanda. Wa pili, ambaye kwa kawaida amesoma kidogo, atasema kuwa mvuke na vumbi vilivyo chini ya anga huukuza mwezi kama kioo cha miwani. Majibu yote mawili yana sura ya elimu, na yote mawili huanguka mbele ya kipande cha karatasi chenye tundu.

Jaribio lenyewe ni hili. Chukueni karatasi ngumu, mtoboe tundu kwa panchi ya ofisini, ambayo kwa kawaida hutoa tundu lenye upana wa milimita 6 hivi. Usiku wa kumi na nne, mwezi unapochomoza, mtoto anyooshe mkono wake wote, afumbe jicho moja, na autazame mwezi kupitia katika tundu lile. Atashangaa kuona kwamba lile sinia lote limeingia katika tundu dogo. Kisha asubiri hadi saa nne au saa tano usiku, arudie vilevile, mkono ukiwa umenyooshwa kama mwanzo. Mwezi utalijaza tundu kwa kiasi kile kile. Wenye simu za kupigia picha wamekwisha kulionja jambo hili bila ya kulitafuta: mtu huona mwezi mkubwa ajabu juu ya bahari, akaupiga picha ili awatumie jamaa, na katika picha hukuta kidoa tu cha mwanga.

Kwa hesabu, upana wa mwezi machoni petu ni takriban nusu ya digrii moja, ukiwa chini au juu. Umbali wake kutoka duniani kwa wastani ni kilomita 384,400. Ni kweli kwamba hukaribia hadi kama kilomita 363,000 na kwenda mbali hadi kama 405,000, lakini safari hiyo huchukua takriban wiki mbili kwenda na nyingine mbili kurudi, si jioni moja. Zaidi ya hayo, mwezi unapokuwa utosini huwa karibu zaidi na mtazamaji kuliko unapochomoza, kwa sababu wakati huo mtazamaji amesimama upande wa dunia unaouelekea, na dunia ina unene wake. Tofauti ni kama kilomita 6,000, haifiki sehemu mbili katika mia. Kwa hiyo kama ingekuwa ni suala la umbali peke yake, mwezi ungeonekana mkubwa kidogo utosini, na mdogo kidogo ukichomoza!

Na hewa je? Hewa huufanya mwezi uwe mwekundu au rangi ya machungwa, kwa kuwa mwanga wake unapokuja kwa ubavu hupita katika hewa nyingi zaidi, na hewa hiyo huutawanya mwanga wa buluu na kuuacha mwekundu ukipita. Hewa vilevile huupinda mwanga, ikaubonyeza mwezi kidogo kutoka juu na chini. Kuukuza haiukuzi.

Basi ukubwa ule uko wapi? Hapa ndipo tunapofika kwa mtu ambaye vijana wetu wanapaswa kumjua kama wanavyowajua wachezaji wa mpira. Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra mnamo mwaka 965 na akafariki Misri yapata mwaka 1040. Inasimuliwa kuwa alikwenda Misri kwa mwito wa al-Hakim, khalifa wa Kifatimiya, ili audhibiti mto Nile. Alipouona mto wenyewe akatambua kuwa kazi haiwezekani, naye kwa kuihofia ghadhabu ya mtawala akajifanya mwendawazimu, akakaa ndani hadi khalifa alipofariki. Kitabu chake kikubwa ni Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba, kinachohusu kuona. Kabla yake, mabingwa wa Kigiriki kama Euclid na Ptolemy walishikilia kuwa jicho hutoa miali inayokwenda kuvigusa vitu. Yeye akathibitisha kinyume chake: mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia jichoni. Aliandika pia kitabu kizima cha kumhoji Ptolemy, ingawa alimheshimu. Hakuona kuwa heshima kwa mwanazuoni inazuia kumuuliza ushahidi wake.

Katika suala la mwezi, Ptolemy alikuwa ameegemea upande wa mvuke. Ibn al-Haytham hakuukataa mvuke moja kwa moja, lakini alisema kuwa sababu ya kudumu imo katika hukumu ya akili. Jicho halina futi ya kupimia. Linachopokea ni pembe tu, kisha akili huiunganisha pembe hiyo na umbali inaoukadiria, ndipo inapotoa hukumu ya ukubwa. Ndiyo maana mtu aliye mbali barabarani humwoni kuwa kibeti, ingawa katika jicho lako ni mdogo kuliko kidole. Akili yako inajua kuwa yuko mbali, nayo hukurudishia kimo chake bila ya wewe kuiomba. Sasa mwezi unapochomoza, kati yako na wenyewe kuna mapaa, minazi, mashua na uwanda mrefu wa bahari. Akili huvihesabu vyote hivyo na kuhukumu kuwa kile kilicho nyuma yake kiko mbali sana. Mwezi ukiwa utosini, hakuna cha kuhesabu, anga ni tupu, na akili huliona anga hilo kama dari lililo karibu. Pembe ni ile ile, umbali unaokadiriwa ni tofauti, basi na ukubwa unaohukumiwa huwa tofauti.

Mwaka 1962 watafiti wawili wa Marekani, Lloyd Kaufman na Irvin Rock, walilirudia suala hili kwa vyombo. Waliwaonyesha watu miezi ya bandia angani na kuwataka wailinganishe. Waligundua kuwa ukiificha ardhi iliyo mbele ya mtazamaji, mwezi wa chini hupungua ukubwa machoni pake. Kaida ya Ibn al-Haytham ilikuwa imesimama kwa miaka zaidi ya 900.

Ingekuwa si haki kuwaambia watoto kuwa mjadala umefungwa. Ukimuuliza mtu wa kawaida iwapo mwezi ule mkubwa uko karibu au uko mbali, wengi husema uko karibu, na hili haliendani vizuri na maelezo tuliyoyatoa. Wako wanaojibu kwamba akili hukadiria mara mbili: kwanza huufanya mwezi uwe mkubwa kwa kuudhania uko mbali, kisha kwa kuuona mkubwa ikahukumu kuwa uko karibu. Wengine hawakutosheka. Nao warusha ndege huuona mwezi mkubwa hata pasipo minazi wala mapaa mbele yao. Mwanafunzi wa leo anayependa elimu ya nafsi na macho bado ana kazi ya kufanya hapa.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliligusa jambo la jirani na hili katika al-Munqidh min al-Dhalal. Alieleza namna jicho linavyoiona nyota kama ina ukubwa wa dinari, ilhali hoja za hesabu zinathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Kwake huo ulikuwa mlango wa kujiuliza ni kwa kiasi gani tunaweza kuviamini viungo vyetu vya hisia. Tunautaja kwa sababu wapo wazazi wanaodhani kuwa maswali ya namna hii yanampeleka mtoto nje ya dini.

Tufike sasa kwenye ugomvi. Kila mwezi wa Ramadhani unapoandama, na hasa mwezi wa Shawwal, huzuka kauli ile ile mara baada ya Magharibi: "Tazameni ukubwa wake! Huo si mwezi wa leo, huo ni wa jana. Tumekula siku." Maneno haya huvunja udugu. Na zaidi ya kuvunja udugu, huwapa watu mizigo. Bibi mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa ibada, alikuja kutueleza kwamba kwa miaka mingi amekuwa akifunga siku moja ya kulipa baada ya Idi, kwa kuwa mwezi alioushuhudia usiku wa kwanza wa Ramadhani mara nyingi huwa mnene na huchelewa kutua. Bibi huyu ana kisukari, na wanawe walikuwa na hofu juu ya afya yake, lakini hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia mama yake aache ibada.

Katika kauli ile ya barazani yamechanganywa mambo mawili. La kwanza ni ukubwa, nalo tumekwisha kulijibu: hilali ya kwanza daima huonekana chini, upande wa magharibi, karibu na mapaa na minazi, kwa hiyo akili huikuza kama inavyoukuza mwezi wa kumi na nne. La pili ni unene na urefu wa kukaa, nalo ni la kweli, ila halimaanishi kile tunachodhani.

Mwezi huzaliwa, kwa maana ya wanafalaki, pale unapopita kati ya dunia na jua, na tangu hapo huanza kuhesabiwa umri wake kwa saa. Kabla ya kutimiza saa 15 hivi haujulikani kuonekana kwa macho matupu, na mara nyingi huhitaji zaidi ya hapo. Tuchukue mfano wa miezi miwili. Mmoja umezaliwa saa sita usiku wa kuamkia Jumanne. Jua linapotua Jumanne saa kumi na mbili na nusu, umri wake ni saa 18 na nusu. Hali ya hewa ikiruhusu, huenda ukaonekana, nao utakuwa uzi mwembamba usiofika hata sehemu moja katika mia ya duara zima, na utatua upesi. Mwingine umezaliwa Jumanne saa sita mchana. Jua linapotua siku hiyo umri wake ni saa 6 na nusu tu, na hakuna jicho litakalouona. Jumatano jioni umri wake ni saa 30 na nusu. Unene wake sasa ni zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza, uko juu zaidi, na utachelewa kutua. Huu nao ni mwezi wa usiku wa kwanza. Jana yake haukuwepo wa kuonekana, wala hakuna siku iliyoliwa.

Masahaba na wanafunzi wao waliwahi kulikabili jambo hili. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Abu al-Bakhtari kwamba walikuwa safarini kwenda Umra, wakaona hilali walipopiga kambi Batn Nakhla. Baadhi wakasema ni ya siku tatu, wengine wakasema ni ya siku mbili. Walipokutana na Ibn Abbas (r.a.) aliwauliza ni usiku gani waliouona, kisha akawaeleza kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba mwezi huo ni wa usiku ule waliouona. Unene haukuhesabiwa.

Tulikaa na yule bibi pamoja na imamu, tukamchorea jua, dunia na mwezi nyuma ya kalenda ya msikiti. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: na zile siku alizokwisha kuzifunga? Imamu akamwambia kwamba kwa Mwenyezi Mungu hakuna funga inayopotea. Mwaka huu hakulipa.

Katika karatasi ile ya madrasa lilikuwamo swali la pili: kwa nini mwezi hutufuata tunapopanda daladala? Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto, alikuta watoto wengi wakiamini hivyo kabisa. Aliyekwenda Bagamoyo na aliyekwenda Chalinze usiku mmoja, kila mmoja huapa kuwa mwezi umemfuata yeye. Jibu ni umbali. Miti iliyo kando ya barabara hukimbia nyuma, vilima vya mbali husogea polepole, na kitu kilicho umbali wa kilomita 384,400 hakisogei hata kidogo machoni. Ukisafiri kilomita 10, mahali pa mwezi angani hapabadiliki kwa ajili ya safari yako hata kwa sehemu moja ya mia tatu ya upana wake. Macho yamezoea kwamba kinachobaki ubavuni mwako wakati unakwenda ni kile kinachokwenda nawe.

Lilikuwamo na swali la tatu, kwamba kwa nini siku nyingine mwezi huonekana mchana. Hilo tumemwachia mwalimu wa madrasa, kwa kuwa mwenyewe amesema analiweza.