Sindano ya Tatu: Hofu na Ukweli

Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ndivyo ilivyokuwa kwa nyanya yangu mwaka wa 2022, alipoitwa kudungwa chanjo ya nyongeza ya Korona. Sindano ya pili ilikuwa imemlaza kwa homa siku mbili. "Sasa hii ya tatu si itanimaliza kabisa?" aliuliza. Majirani nao wakazidi kumtia hofu.

Je, homa hiyo hutoka wapi? Chanjo huufunza mwili kumtambua adui. Askari wa mwili wanapofanya mazoezi, sisi huhisi homa, uchovu, kichwa kuuma na mkono kuvimba. Kwa kawaida mambo hayo huisha baada ya siku chache. Miezi ikipita kinga hupungua, ndiyo maana nyongeza ikatolewa, hasa kwa wazee.

Lakini tusidanganyane, madhara makubwa yapo, ingawa ni nadra sana. Chanjo ya AstraZeneca iliwafanya watu wachache kuganda damu. Zile za Pfizer na Moderna ziliwaletea wengine wachache uvimbe wa misuli ya moyo, zaidi vijana wa kiume. Hata hivyo, kwa mzee kama nyanya, Korona yenyewe ilikuwa hatari zaidi.

Muuguzi alimweleza haya yote bila kumcheka. Nyanya akakubali, akadungwa, akaketi pale dakika 15 akiangaliwa, kisha tukarudi nyumbani. Mara hii mkono tu ndio uliomuuma.

Wenzangu, mtu akiogopa tusimwite mshamba. Tumweleze. Kuuliza si ujinga.