Pampu ya Mafuta Inayoendeshwa na Injini katika Pikapu za Zamani: Utambuzi wa Hitilafu na Ubadilishaji Wake katika Mazingira ya Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna pampu ya mafuta inayoendeshwa na injini inavyofanya kazi, inavyoharibika na inavyobadilishwa katika pikapu za zamani zinazotumia petroli. Hoja yake kuu ni kwamba kauli "pampu imekufa", inayotolewa kwa wepesi gerejini, hubeba hitilafu zaidi ya moja, na kwamba hitilafu yenye gharama kubwa kuliko zote haionekani kwenye pampu yenyewe bali kwenye oili ya injini.

1.0 Utangulizi

Magari ya mizigo yamekuwa sehemu ya uchumi wa madini wa Kanda ya Ziwa kwa vizazi kadhaa. Mwadui, mkoani Shinyanga, John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Geita, dhahabu ilichimbwa wakati wa ukoloni hadi miaka ya 1960, na uchimbaji mkubwa ukaanza upya mwaka 2000. Pembezoni mwa migodi hiyo mikubwa wako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko, ambao kazi yao haiendi bila usafiri: maji yapelekwe machimboni, magogo ya kutegemeza maduara yafikishwe, mifuko ya mawe ipelekwe kwenye karasha.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo leo inafanywa na malori ya dizeli na pikipiki za magurudumu matatu. Hata hivyo, pikapu za petroli za kale hazijatoweka. Miongoni mwake ni Land Rover za chesi ndefu ya inchi 109, hasa zile za toleo la tatu lililoanza mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985, pamoja na Toyota Hilux zenye kabureta. Mmiliki wa gari la aina hii kwa kawaida hana gari la pili. Gari likisimama, mawe ya mtu yanalala njiani, zamu ya karasha inapita, na malipo ya siku yanapotea. Haraka hiyo ndiyo inayomfanya fundi atakiwe "kubadilisha pampu tu", na ndiyo inayozaa makosa yanayojadiliwa hapa.

2.0 Utendaji kazi wa pampu

Katika injini ya Land Rover ya lita 2.25, iliyoanza kutumika mwaka 1958, pampu imefungwa ubavuni mwa bloku. Katika Hilux zenye injini ya 22R, imefungwa kwenye silinda hedi. Kanuni ni ileile. Kemshafti ina nundu inayosukuma mkono wa pampu, na mkono huo huvuta kiwambo chini. Nafasi iliyo juu ya kiwambo inapopanuka, petroli huvutwa kutoka tangini kupitia vali ya kuingilia. Nundu ikishapita, springi hurudisha kiwambo juu na kuisukuma petroli kwenye kabureta kupitia vali ya kutokea. Kwa kuwa kemshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika huipa pampu mipigo 1,000.

Inafaa ieleweke kwamba presha ya pampu haitokani na nguvu ya injini bali na springi. Kikombe cha kabureta kikijaa, boya hupanda na sindano huziba njia. Petroli inayokosa pa kwenda hukizuia kiwambo chini, na mkono hubaki ukicheza bila kazi. Pampu hujipima yenyewe. Presha yake ni ndogo, kwa jumla kati ya kilopaskali 10 na 40, na kabureta imetengenezwa kwa udogo huo.

Neno "kiwambo" linatokana na kitenzi "wamba", yaani kutandaza ngozi na kuikaza, kama ngozi ya ngoma. Ni istilahi inayosadifu kabisa, kwani kiwambo cha pampu ni kitambaa kilichopakwa mpira na kukazwa ukingoni pande zote. Gerejini, lakini, kitu hichohicho huitwa "raba". Jina hilo halina kosa kwa mtu anayekishika mkononi, ila linaficha jambo moja: si kila raba inaweza kuwa kiwambo. Kipande kilichokatwa kwenye tyubu ya gurudumu huvimba na kulegea kinapokaa ndani ya petroli. Anayekitumia ananunua safari moja.

3.0 Hitilafu zinazofanana na kufa kwa pampu

Gari linalokata mafuta mlimani au linalozimika baada ya mwendo mrefu haliwi na pampu mbovu kila mara. Kuna visababishi vitatu vinavyopaswa kuondolewa kwanza, navyo havilingani kwa uzito.

Cha kwanza ni joto. Petroli huanza kuchemka katika nyuzi joto zisizozidi sana 35 hadi 40 za Selsiasi, na huchemka mapema zaidi pale presha ya hewa inapopungua. Nyanda za Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako presha ya hewa ni takribani kilopaskali 88, ikilinganishwa na 101 za pwani. Kwa vile pampu ya aina hii hukaa kwenye injini na kuvuta petroli kutoka mbali, petroli iliyo ndani ya bomba iko katika presha ya chini zaidi ya hiyo. Gari lililopanda na mzigo mchana wa jua, kisha likasimama na injini ya moto, linaweza kuwa na mvuke mtupu ndani ya pampu. Kitambaa kilicholowa maji kikifunikwa juu ya pampu na gari likawaka baada ya muda mfupi, pampu haijafa. Dawa ni kusogeza bomba mbali na ekzosi au kurudisha kinga ya joto iliyovunjika zamani na kutupwa.

Cha pili ni hewa, nacho ndicho kinachopotosha zaidi. Mpira ulio kati ya pampu na kabureta ukipasuka, petroli huvuja na kila mtu huiona. Mpira ulio kati ya tangi na pampu ukipasuka, mara nyingi hakuna tone linaloonekana injini inapofanya kazi, kwa sababu upande huo hauko katika presha ya kusukuma bali ya kuvuta: badala ya petroli kutoka, hewa huingia. Pampu nzima kabisa basi huhukumiwa kwa kosa la mpira wa bei ndogo. Pampu za kale za Land Rover zenye kikombe cha kioo huleta tatizo hilohilo pale gasketi ya kikombe inapokakamaa. Kikombe hicho kina faida, hata hivyo: mapovu yanayopita ndani yake huonekana kwa macho, na maji yaliyotoka kwenye pipa la muuza petroli wa kijijini hutuama chini yake.

Cha tatu hakihitaji maelezo marefu. Tundu la kupumulia la mfuniko wa tangi likizibwa na vumbi au tope la mbuga, tangi hukosa hewa na pampu hushindwa kuvuta. Mfuniko ukifunguliwa husikika mlio wa hewa ikiingia, na gari huendelea.

Baada ya hayo ndipo pampu ipimwe. Waya wa koili huondolewa ili injini isiwake, bomba la kuingia kwenye kabureta hufunguliwa na kuelekezwa kwenye chupa angavu, kisha injini huzungushwa kwa selfu. Pampu nzima hutoa petroli kwa mapigo yenye nguvu na mpangilio. Ikitoa mapovu, uchunguzi urudi upande wa kuvuta. Isipotoa kitu ilhali njia ya nyuma ni safi, vali zimekwama, springi imechoka, mkono umelika au kiwambo kimetoboka.

4.0 "Mafuta" na "oili"

Kiswahili cha kawaida hutumia neno "mafuta" kwa petroli, dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya kupikia na hata kilainishi cha mashine. Kiswahili cha gereji kimetenga: "mafuta" ni kinachochomwa, "oili" ni kinacholainisha. Mteja asiyekuwa fundi hafuati utengano huo, na anaposema gari "linavuja mafuta", fundi makini huinama, hugusa na kunusa kabla ya kujibu. Katika suala la pampu hii, utengano wa maneno hayo mawili ndio utambuzi wenyewe, kwa kuwa kiwambo ndicho ukuta kati ya petroli na sehemu inayopakana na oili.

Kiwambo kikitoboka, petroli hushuka chini yake. Pampu nyingi zina tundu dogo ubavuni lililowekwa makusudi ili petroli hiyo idondoke nje na kumwonya mwenye gari. Lakini tundu hilo likizibwa na tope lililochanganyika na grisi, au ikiwa pampu ni ya aina isiyokuwa na kizuizi kati ya kiwambo na injini, petroli huingia kwenye sampu. Gari laweza kuendelea kutembea kwa siku kadhaa, likilalamika kidogo tu.

Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi, na utando wake kati ya krenki na beringi hauwezi tena kubeba mzigo. Beringi hulika, injini huanza kugonga, na kilichokuwa kazi ya bolti mbili kinakuwa kazi ya kushusha injini nzima. Aidha, mvuke wa petroli ndani ya injini unaweza kulipuka.

Dalili inayotajwa zaidi ni kupanda kwa oili kwenye kijiti cha kupimia. Katika gari jipya dalili hiyo inatosha. Katika pikapu ya miaka 40 haitoshi, kwa sababu injini iliyochoka hula oili. Petroli ikiingia kwa kiasi kinacholingana na oili inayoliwa, kijiti husoma palepale, na mwenye gari aliyezoea kuongeza oili kila wiki hufurahi kuona injini "imepona". Kwa hiyo kijiti kisisomwe tu, bali kinuswe, na oili isuguliwe kati ya vidole: yenye petroli haishikani. Hatua hii haichukui hata dakika moja, na hakuna hatua nyingine katika kazi hii inayookoa fedha nyingi kiasi hicho.

5.0 Ubadilishaji

Injini iachwe ipoe na waya hasi wa betri uondolewe. Taa ya moto na sigara zikae mbali. Desturi ya kuvuta petroli kwa mdomo iachwe kabisa, kwani petroli inayoingia kwenye mapafu hudhuru vibaya. Mabomba yakifunguliwa, lile linalotoka tangini lizibwe, hasa endapo gari limeegeshwa kwenye mteremko.

Kabla ya kulegeza bolti, injini izungushwe kwa mkono hadi nundu ya kemshafti iwe imegeukia upande wa pili na mkono wa pampu uwe huru. Fundi anayeruka hatua hii hulazimika kubana pampu mpya dhidi ya springi, na mara nyingine huvunja sikio la pampu kwa kukaza bolti moja ili kuivuta ikae. Mkono wa pampu mpya ulinganishwe na wa zamani kwa urefu na mkunjo. Ukiingizwa upande usio sahihi wa nundu, mzunguko wa kwanza wa injini hutosha kuuvunja, na vipande huangukia ndani.

Gasketi ya zamani ikwanguliwe yote, huku tundu likiwa limezibwa kwa kitambaa safi. Unene wa gasketi na wa kitenganishi cha joto, pale kilipo, si jambo la hiari. Ukizidi, mkono haufikiwi vizuri na nundu na pampu hutoa petroli kidogo. Ukipungua, mkono hubanwa kupita kiasi. Silikoni nyingi haifidii gasketi iliyokosekana. Bolti zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Land Rover zenye mkono wa kupampia hujazwa petroli kabla ya kuwashwa, jambo linaloipunguzia betri mzigo.

Kama oili ilinuka petroli, imwagwe pamoja na kubadilisha filta yake kabla injini haijawashwa. Hapa ndipo mvutano wa fundi na mteja hutokea. Oili ni gharama ya ziada, mteja amekuja na fedha ya pampu, na gari litawaka hata bila kuibadilisha. Fundi akikubali, lawama ya injini itakayogonga baadaye itamrudia yeye.

Pampu za kale za Land Rover hufunguliwa kwa skrubu, hivyo kiwambo na vali vyaweza kubadilishwa peke yake kwa seti iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Nyingi za Kijapani za baadaye zimefungwa kwa kukunjwa bati ukingoni, na hazifunguki bila kuharibika.

6.0 Pampu ya umeme kama mbadala

Spea ya asili inapokosekana, shawishi kubwa ni pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari la mtumba. Pampu ya umeme ya presha ndogo, iliyokusudiwa kabureta, inafaa, na hupunguza tatizo la mvuke inapofungwa karibu na tangi. Ile inayopatikana kwa urahisi, hata hivyo, hutoka kwenye magari yenye mfumo wa kunyunyiza petroli, na hufikisha kilopaskali 250 hadi 300 au zaidi. Sindano ya kabureta haiwezi kuzuia presha hiyo. Kikombe hufurika na petroli humwagika juu ya injini ya moto.

Pampu ya injini husimama injini inaposimama. Ya umeme huendelea kusukuma hata gari likiwa limepinduka, mradi switchi iko wazi. Kwa hiyo ifungwe pamoja na fyuzi na swichi inayokata umeme presha ya oili inapopotea. Nafasi iliyoachwa na pampu ya zamani izibwe kwa bamba la chuma na gasketi. Kuiacha pampu mbovu mahali pake kama kifuniko, huku mabomba yake yakiwa yameondolewa, huiachia oili njia ya kutokea kupitia kiwambo kilekile kilichotoboka.